Taiwan ina kila kitu isipokuwa kiti

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa historia katika skuli ya sekondari hapa Wete. Nilipokuwa nikisomesha mada ya Umoja wa Mataifa, mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini Taiwan, yenye rais wake, jeshi lake, sarafu yake na watu wapatao milioni 23, haimo katika orodha ya wanachama, ilhali vimo visiwa vya Pasifiki visivyofikia watu elfu ishirini. Nilimjibu kwamba China haitaki. Akaniuliza tena: "Kwani China ndiyo mwenye Umoja wa Mataifa?" Darasa zima likacheka, na mimi nikaahidi kumletea jibu. Naomba mnisaidie. (Mwalimu, Wete)

JIBU: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Jibu ulilompa si la makosa, ila ni nusu tu ya jibu. China si mwenye Umoja wa Mataifa, lakini ni miongoni mwa wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama wenye kura ya turufu, yaani kura moja inayotosha kuzuia uamuzi, na kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja huo hakuna nchi inayopokelewa bila ya kupendekezwa na Baraza hilo. Hiyo ndiyo sababu ya kisheria. Sababu ya kihistoria ni ndefu zaidi, na ndani yake yumo mtoto wa Zanzibar.

Taiwan ilitawaliwa na Japani kuanzia mwaka 1895 hadi 1945. Japani iliposhindwa vitani, kisiwa kiliwekwa mikononi mwa serikali ya Jamhuri ya China, dola iliyoundwa mwaka 1912 na ambayo wakati huo iliongozwa na Chiang Kai-shek. Serikali hiyo ikashindwa na Wakomunisti katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mao Zedong akatangaza Jamhuri ya Watu wa China tarehe 1 Oktoba 1949, na Disemba ya mwaka huo Chiang na watu wake wakahamishia serikali yao Taipei, mji mkuu wa Taiwan. Hapo ndipo mambo yalipokaa kichwa chini miguu juu: kwa miaka zaidi ya ishirini, serikali iliyokuwa ikitawala kisiwa na visiwa vidogo vilivyo pembeni yake iliendelea kukalia kiti cha China yote, pamoja na nafasi ya kudumu katika Baraza la Usalama, ikisema kwa niaba ya mamia ya mamilioni ya watu ambao haikuweza hata kukanyaga ardhi yao.

Hali hiyo ilimalizwa tarehe 25 Oktoba 1971, pale Baraza Kuu lilipopitisha azimio namba 2758 kwa kura 76 dhidi ya 35, huku nchi 17 zikijizuia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio hilo, na balozi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar, akiwa na umri wa miaka 29. Wajumbe wa Taipei walitoka ukumbini kabla ya kura ya mwisho kupigwa. Matokeo yalipotangazwa, wajumbe wa Tanzania walikuwa miongoni mwa walioshangilia kwa sauti kubwa mbele ya macho ya balozi wa Marekani, George Bush, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa nchi yake. Mwaka 1981 Dk. Salim alipogombea nafasi ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, China ilimuunga mkono na Marekani ikampigia kura ya turufu duru baada ya duru, na wengi wamekuwa wakiihusisha turufu hiyo na usiku ule wa 1971.

Mwanafunzi wako asomeshwe azimio lenyewe, kwani ni fupi. Linairejeshea Jamhuri ya Watu wa China haki zake zote na linaamuru kuondolewa kwa "wawakilishi wa Chiang Kai-shek". Jina la Taiwan halimo hata mara moja. Beijing inasema halikuwa na haja ya kuwamo, kwa kuwa Taiwan ni jimbo la China na jambo limekwisha. Taipei na marafiki zake wanasema azimio liliamua nani ni msemaji wa China, halikuamua kisiwa ni cha nani. Kila upande una karatasi zake. Beijing hutaja Azimio la Cairo la 1943, ambamo viongozi wa vita walisema Taiwan itarudishwa kwa China. Wapinzani wake hutaja Mkataba wa San Francisco wa 1951, ambamo Japani iliiachia Taiwan bila ya kusemwa inamwachia nani.

Kwa maoni ya safu hii, Tanzania haikukosea mwaka 1971, kwa sababu kudai kwamba Taipei ndiyo inayoisemea Beijing kulikuwa ni mzaha uliodumu mno. Lakini swali la wakaazi wa kisiwa wanataka nini halikuwa mezani siku ile, wala wao wenyewe wasingeweza kulijibu, kwa kuwa walikuwa chini ya sheria ya kijeshi iliyowekwa mwaka 1949 na kuondolewa mwaka 1987, na katika miaka hiyo kutaka kisiwa kijitegemee kulimtosha mtu kufungwa. Sauti yao ilianza kusikika baadaye. Mwaka 1996 walimchagua rais kwa kura ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza, huku China ikirusha makombora ya majaribio katika maji ya jirani na Marekani ikileta manowari zake za kubeba ndege. Mwaka 2000 chama kilichotawala tangu 1949 kilishindwa na kikakabidhi madaraka, na tangu hapo madaraka yamekwenda na kurudi baina ya vyama viwili vikubwa.

Tunaomba tukae kidogo kwenye uhesabuji wa kura zao, kwani sisi wa visiwani jambo hili tunalijua thamani yake. Sanduku hufunguliwa palepale kituoni, mara nyingi ndani ya darasa la skuli. Ofisa mmoja hutoa karatasi moja moja, huinyanyua juu ya kichwa chake ili kila aliyesimama aione, na husoma kwa sauti jina la aliyepigiwa. Mwenzake hulirudia na kuchora mstari kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, na mistari mitano ikikamilika huwa herufi moja ya Kichina. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kusimama na kutazama. Matokeo hujulikana usiku uleule.

Sasa, Mwalimu, ukimwekea mwanafunzi vigezo vya Mkataba wa Montevideo wa 1933, yaani watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyengine, Taiwan ataiona imevitimiza vyote. Kutambuliwa, hata hivyo, ni uamuzi wa kila serikali, na serikali hupima maslahi yake. Nauru ilipojitoa Januari 2024, nchi zilizobaki na mabalozi Taipei zilikuwa 12, na Afrika nzima ni Eswatini peke yake. Marekani yenyewe, inayoiuzia Taiwan silaha, ilivunja uhusiano rasmi tarehe 1 Januari 1979. Tanganyika iliitambua Beijing tangu ilipopata uhuru mwaka 1961; baada ya hapo ikaja reli ya TAZARA, na kwetu Zanzibar wakaja madaktari wa jimbo la Jiangsu, ambao wamekuwa wakipokezana tangu 1964 hadi leo. Mtu wa Mkoani aliyetibiwa katika Hospitali ya Abdulla Mzee hahitaji kuelezwa kwa nini serikali yetu haitafuti ugomvi na China.

Taiwan nayo haikukaa ikilia. Imefungua ofisi za biashara na utamaduni zinazotoa viza na kufanya kazi zote za ubalozi bila ya kuitwa ubalozi. Imeingia katika Shirika la Biashara la Dunia mwaka 2002 kwa jina refu la eneo la forodha. Na viwanda vyake hutengeneza sehemu kubwa kabisa ya vile vipande vya kielektroniki vya hali ya juu ambavyo bila ya hivyo simu na kompyuta za dunia nzima zingesimama. Kura za maoni za miaka mingi zinaonesha kwamba watu wake wengi hawataki kuungana na China sasa wala kutangaza uhuru rasmi, bali wanataka hali ibaki ilivyo. Wanaopenda majibu ya ndiyo au hapana watuwie radhi.

SWALI: Mhariri, barazani kwetu Jang'ombe kuna mzozo. Wapo wanaosema kwamba Taiwan na China ni sawasawa na Zanzibar na Bara, na wapo wanaokasirika wakisikia hivyo. Nani mkweli? (Msomaji wa siku zote, Unguja)

JIBU: Ndugu yetu, mlinganisho huo unavutia kwa macho tu: kisiwa, jirani mkubwa, rais, bendera. Ukiufuata kwa undani unakwama. Zanzibar iliingia Umoja wa Mataifa tarehe 16 Disemba 1963 kama dola kamili, na kiti hicho kikaunganishwa na cha Tanganyika baada ya Mapatano ya Muungano yaliyotiwa saini na Mzee Karume na Mwalimu Nyerere Aprili 1964, ambayo yaliyaweka mambo ya nje kuwa mambo ya Muungano. Namna mapatano yale yalivyofikiwa ni mjadala mwengine, na wenye baraza hawajachoka nao. Taiwan, kwa upande wake, haijatawaliwa hata siku moja na Jamhuri ya Watu wa China, wala haijatia saini mapatano yoyote ya kuungana nayo. Sisi tunabishana juu ya mgao wa madaraka ndani ya nyumba ambayo tumo. Wao wanabishana kama waingie au wasiingie.

Kama baraza linataka mfano wa karibu zaidi, litazame Michenzani na Kikwajuni. Majumba yale ya ghorofa ni kumbukumbu ya Ujerumani ya Mashariki, ambayo Zanzibar ya baada ya Mapinduzi ilikuwa ya kwanza Afrika kuitambua, hata ikafunguliwa ubalozi hapa mwaka 1964. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa na kanuni ya kuvunja uhusiano na nchi yoyote itakayoitambua ile ya Mashariki, na Muungano ulipokuja, Dar es Salaam ikajikuta imebanwa. Suluhisho likawa kuuteremsha ubalozi ule na kuweka ofisi ya konseli kuu Dar es Salaam. Hata hivyo Bonn, mji mkuu wa Ujerumani ya Magharibi, haikuridhika, ikakata msaada wa kijeshi mwaka 1965, na Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Beijing leo inatumia kanuni ileile ya Bonn. Tofauti ni kwamba Wajerumani walikubali mwaka 1973 kuingia Umoja wa Mataifa wakiwa wawili, ilhali pendekezo la Marekani la 1971 la kuzipa Beijing na Taipei kiti kila mmoja halikufika hata kupigiwa kura.

SWALI: Kwa nini wanamichezo wa Taiwan kwenye Olimpiki huitwa Chinese Taipei, na bendera yao hatuioni? (Mpenda michezo, Chake Chake)

JIBU: Ni kwa makubaliano yaliyofikiwa Lausanne mwaka 1981: wanashindana, lakini kwa jina hilo na kwa bendera ya kamati yao ya Olimpiki, na mshindi wao akipanda jukwaani haupigwi wimbo wao wa taifa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Tokyo, walipoishinda China katika fainali ya mpira wa vinyoya (badminton) ya wanaume wawili wawili. Wapenzi wa Zanzibar Heroes, timu yetu ya soka, watakuwa wanaielewa hali hiyo, kwani Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) lilitupa uanachama kamili Machi 2017 na likatunyang'anya Julai ya mwaka huohuo. Mwaka 2018 wananchi wa Taiwan waliulizwa kwa kura kama waombe kushiriki kwa jina la Taiwan. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa imekwisha kuonya kwamba haitakubali mabadiliko hayo, wanamichezo wenyewe wakaingiwa na hofu ya kukosa mashindano, na pendekezo likashindwa.