Uvimbe wa figo ulioonekana mochwari

SWALI: Dokta shikamoo. Mzee wetu kafariki kwa presha, postimotamu ikaonyesha na uvimbe mdogo kwenye figo, sasa ndugu wanasema hospitali ilizembea. Hii kitu inatokea sana?

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Inatokea kuliko watu wanavyodhani. Kule Malmö, Sweden, maiti 16,294 zilipasuliwa kati ya 1958 na 1969, saratani ya figo ikakutwa kwa watu 350, yaani kama 2 kwenye kila 100, na 235 kati yao haikuwahi kujulikana wakiwa hai. Hapo sijahesabu vile vivimbe vya milimita chache visivyo saratani, hivyo ndo vingi zaidi hasa kwa wazee na wavuta sigara.

Figo imejificha nyuma ya tumbo, kavimbe kadogo hakaumi wala mkojo hautoki na damu, halafu enzi hizo altrasaundi ilikuwa bado changa na siti skani haikuwepo, siku hizi vingi vinaonekana mtu akipimwa tumbo kwa shida nyingine kabisa. Kwa hiyo uvimbe peke yake sio ushahidi wa uzembe jamani! Ukubwa wake umeandikwa kwenye ripoti, muulizeni aliyepasua.