Kujenga gari la sloti la mwaka 1966 kwa vipuri vya enzi yake

Chagua mwaka kabla hujanunua hata skrubu moja. Nasema mwaka mmoja, maana ukisema "miaka ya 60" kwa jumla umeshapotea. Katika kipindi kile magari haya madogo ya umeme yalibadilika upesi mno. Mwanzoni mwa muongo, mjenzi Mmarekani alitumia mota za wazi, zisizo na kifuniko, za kampuni ya Pittman, zilizotokana na mambo ya treni za kuchezea. Katikati ya muongo zikaenea mota za kopo, yaani zilizofungwa ndani ya kopo la bati, kutoka kampuni ya Mabuchi ya Japani, nyepesi na za bei nafuu. Kufikia 1968 watu walikuwa wanailaza mota kimshazari mbele ya ekseli ya nyuma, na chesisi zote za kabla yake zikaonekana za kizee. Ukichanganya mota ya 1964, chesisi ya 1968 na bodi ya 1966, utapata gari linalotembea, lakini halitakuwa gari la mwaka wowote. Mwenye jicho atalitambua kabla hujaliweka njiani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuyaona: gari la sloti ni gari dogo la umeme linalokimbia juu ya njia yenye mfereji mwembamba. Chini ya pua yake kuna ulimi unaoingia mferejini na kuliongoza, na pembeni mwa ulimi huo kuna visuka viwili vya shaba vinavyogusa njia na kuchukua umeme. Dereva ameshika kidhibiti mkononi na kazi yake ni mwendo tu: akizidisha kwenye kona, gari linaruka nje. Huko Uingereza, Fred Francis wa kampuni ya Minimodels aliutoa mchezo huu kama Scalextric mwaka 1957, kwa magari madogo ya kuchezea nyumbani. Marekani ilipenda gari kubwa zaidi, la kipimo cha 1/24, na katikati ya miaka ya 60 zikafunguliwa kumbi nyingi za biashara ambako kijana alilipia muda wa kukimbiza gari lake kwenye njia ndefu za mbao. Wimbi hilo lilipita upesi. Muongo ulipoisha kumbi nyingi zilikuwa zimefungwa, na vipuri vikabaki kwenye maboksi.

Maboksi hayo bado yanatoka. Ninaishi kwenye viunga vya Chicago. Kati ya kampuni zilizotengeneza magari haya, Strombecker ilikuwa ya mji huu, na Monogram ilikuwa jirani tu, Morton Grove. Ndiyo maana mzee akihama nyumba hapa na watoto wake wakauza vitu vya gereji, si ajabu kukuta boksi la sigara limejaa rimu, gia na mota. Asiye na bahati ya kuishi karibu na chimbuko atanunua mtandaoni, kwa bei ya juu kidogo, ila vitu ni vilevile.

Mfano nitakaoutumia hapa ni Lola T70 ya 1966, gari ambalo John Surtees alishindia ubingwa wa kwanza kabisa wa Can-Am, mfululizo wa mbio za magari wa Kanada na Marekani. Nalipendekeza kwa anayeanza kwa sababu bodi yake ni pana na ya chini, inaficha mota bila kulazimisha umbo, na nafasi kati ya ekseli zake mbili inaingia vizuri kwenye hesabu: gari halisi lina inchi 95, ukigawa kwa 24 unapata karibu inchi 4, yaani milimita 100 hivi. Kabla ya kushika msumeno, tafuta picha za mbio za mwaka wako na uzitazame kwa makini. Chaparral, gari jingine la mbio hizo, kwa mfano, ilianza kuonekana na lile bawa refu la juu kwenye Can-Am ya vuli ya 1966. Mtu akisema gari lake ni la mwanzo wa mwaka huo na bawa limesimama mgongoni, picha zitamkana.

Sasa ununuzi. Nina msimamo mkali kidogo kwenye jambo moja: seti kamili ambayo boksi lake halijafunguliwa, iache hivyo. Zimebaki chache, na kila inayofunguliwa haitarudi. Wewe nunua vipuri vilivyotawanyika, vya magari yaliyokwisha kuvunjwa. Vinatosha, na hakuna kinachopotea ukivitumia.

Ukivishika mkononi, angalia madini yake. Rimu na vipande vilivyomiminwa kwa aloi ya zinki vinaweza kuwa vinaoza kutoka ndani, hasa kama aloi ilichanganyika na risasi kiwandani. Utaona nyufa ndogondogo na uso uliovimba. Hakuna dawa, achana navyo. Kampuni ya Cox ya California ilitumia magnesi kwa chesisi zake maarufu, na magnesi hutoa unga mweupe ikikaa penye unyevu. Unga huo unafutika, na metali iliyo chini yake mara nyingi ni nzima. Ila usiikwangue kwa tupa karibu na moto au cheche: chembe za magnesi huwaka kwa ukali, na maji hayazimi moto wake. Gia za nailoni nazo hupasuka kwenye shina zikizeeka, mahali zinapobana ekseli. Zikunje kidogo kwa vidole kabla hujalipa.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye mota, na hapo ndipo ninapokuomba upoteze muda kuliko mahali pengine popote.

Kwa gari la 1966 uchaguzi mkubwa ni kati ya Mabuchi mbili, FT-36D na FT-16D. Ile ya kwanza ni kubwa, ina nguvu ya kuvuta kutoka kwenye kona, na uzito wake unataka chesisi pana. Ya pili ni ndogo, inakaa chini zaidi, na kwa T70 mimi huichagua bila kusita. Mota iliyokaa miongo kadhaa ndani ya boksi usiiunganishe na umeme ili "kuona kama inafanya kazi". Grisi yake imeganda ikawa gundi, na ukiilazimisha kuzunguka unaunguza makaboni yanayopeleka umeme ndani, au waya wa amecha, ile sehemu inayozunguka.

Fungua masikio ya kopo taratibu, kwa sababu bati lake hukatika likikunjwa mara nyingi. Toa amecha, ioshe kwa petroli nyepesi ya viberiti na brashi laini, nje ya nyumba, mbali na moto. Kisha chukua mita upime ukinzani kati ya vipande vitatu vya komyuteta, ile silinda ya shaba kwenye shafti inayoguswa na makaboni: cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza. Namba tatu zikifanana, amecha ni nzima. Moja ikitofautiana sana na nyenzake, kuna waya uliokatika au ulioungua. Pima pia kati ya komyuteta na shafti. Hapo umeme haupaswi kupita kabisa.

Amecha mbovu haimaanishi mwisho wa mota. Fundi yeyote wa kusuka mota za pampu au feni kule nyumbani ataielewa kazi hii akiitazama mara moja, tofauti ni udogo wake. Tena kusuka upya ni sehemu halali kabisa ya historia: kampuni za Champion ya Georgia na Mura ya California zilijijengea jina kwa mota za aina hiyo, na vijana walisuka za kwao mezani. Mizunguko ikipungua na waya ukinenepa, mota inakimbia zaidi na inachemka zaidi. Kwa gari unalotaka lidumu, rudisha mizunguko ileile iliyokuwepo na waya wa unene uleule.

Kama umechagua mwaka wa mapema zaidi na una Pittman, kuna onyo moja. Sumaku zake ni za Alnico, aloi ya alumini, nikeli na kobalti, na sumaku ya aina hiyo ikitolewa kwenye chuma chake inapoteza nguvu. Isafishe bila kuitoa. Ikibidi uitoe, bandika kipande cha chuma laini kati ya ncha zake wakati huohuo unaoitoa. Sumaku za Mabuchi ni za kauri, hazina tatizo hilo, ila zikianguka sakafuni zinapasuka.

Ukishaifunga mota, tone moja la mafuta mepesi kwenye kila bushi linatosha. Yakifika kwenye komyuteta yatachanganyika na vumbi la kaboni na kuwa uchafu mweusi unaopitisha umeme pasipotakiwa. Kisha iache izunguke kwa volti 3 kwa nusu saa hivi, bila mzigo, mpaka makaboni yajichonge kufuata mviringo wa komyuteta. Sauti itabadilika masikioni mwako, kutoka mkwaruzo hadi mlio mmoja ulionyooka. Unapolehemu nyaya kwenye mota, gusa na uondoe, kwa sababu kichwa chake ni plastiki na joto likizidi vishikio vya makaboni vinapinda. Hapo mota uliyoihangaikia wiki nzima inakuwa ya maonyesho.

Chesisi unaweza kununua iliyomiminwa kiwandani, lakini mjenzi makini wa 1966 alilehemu ya kwake kwa mirija ya shaba ya manjano na waya mgumu wa chuma, ule unaoitwa wa piano. Huo ndio mtindo ninaoupenda, na hauhitaji kipuri adimu. Chora gari lako kwenye karatasi kwa ukubwa kamili, libandike juu ya ubao ulionyooka, na ushikilie kila kipande kwa misumari midogo kabla ya kulehemu. Anza na mrija unaobeba ekseli ya nyuma, wenye bushi mbili za inchi 1/8. Ekseli ipite humo kwa uzito wake tu na kuzunguka kwa uhuru. Ikikwama hata kidogo, bushi hazitazamani. Pasha tena, nyoosha, acha ipoe. Mota inakaa mbele ya ekseli, imeelekea mbele na nyuma, na gia yake ndogo inaung'ata mviringo wa gia ya taji, ile kubwa iliyo kwenye ekseli. Acha nafasi ndogo sana kati ya meno, kiasi cha unene wa karatasi nyembamba.

Mbele, weka mkono unaoning'inia ambao unabeba ulimi na unapanda na kushuka wenyewe. Gari likitikisika juu ya maungio ya njia, mkono huo unaubakiza ulimi mferejini. Ni kipande kidogo, lakini kinaamua kama gari litakaa njiani au litaruka kila kona.

Lehemu kwenye waya wa chuma inataka flaksi ya asidi, yaani dawa inayosaidia lehemu kushika, na asidi hiyo ikibaki itaanza kula chuma siku hiyohiyo. Osha chesisi kwa maji yenye magadi, suuza, kausha kabisa, ndipo ufunge mota. Nawa mikono pia; risasi ya kulehemu ya kizamani ina madini ya risasi kweli.

Matairi, visuka na nyaya za umeme nunua vipya, na usione haya. Mpira wa zamani umekauka, haushiki njia, na mara nyingi umepasuka. Rimu ziwe za enzi, tairi la sponji juu yake liwe jipya, halafu lisagwe kwa msasa likiwa linazunguka kwenye ekseli yake mwenyewe mpaka liwe duara kamili. Ya silikoni yanashika vizuri, lakini uliza kwanza wenye njia, kwani wapo wasioyaruhusu kwa sababu hubadilisha mshiko wa njia kwa magari mengine.

Bodi ya plastiki angavu hupakwa rangi kwa ndani, kwa hiyo mpangilio unageuka: namba, mistari na vitu vidogo vinatangulia, rangi kuu inakuja mwisho. Bodi za asili zilizobaki huwa zimekuwa za njano na zinavunjika kwenye kingo zikikatwa. Mimi hutumia nakala mpya iliyofinyangwa kwa umbo la zamani, na ile ya asili naihifadhi. Tumia rangi iliyotengenezwa kwa plastiki hiyo hasa, upake matabaka membamba. Mweke na dereva pia, kichwa na mabega. T70 ya 1966 ni gari la wazi, na bila mtu ndani linaonekana tupu.

Siku ya kulijaribu, mwambie mwenye ukumbi kwamba mota ni ya 1966. Njia nyingi za sasa zimewekewa umeme kwa ajili ya mota zinazokula umeme mwingi, na yako ilitarajia volti 12 za kawaida. Gari likirudi nyuma, badilisha nyaya mbili kwenye ulimi. Zungusha mizunguko michache ya taratibu, simamisha, gusa kopo. Ukiweza kuacha kidole hapo bila kukiondoa, endelea. Likiwa la moto sana, gia ni nzito kwa mota hiyo: ongeza meno kwenye taji au punguza kwenye gia ndogo. Kwa FT-16D ya kawaida mimi huanzia kwenye uwiano wa karibu 3.5 kwa 1, kama meno 8 kwa 28, na kwenye njia yenye kona nyingi fupi naisogeza kuelekea 4.