Sifa za jalada la nyuma kwa riwaya ya uhalifu yenye vichekesho

Ndugu, umeuliza kama "inasisimua, inachekesha, hutaiweka chini" inatosha kuisifia riwaya ya uhalifu ya mjini Mtwara kwenye jalada la nyuma. Haitoshi. Maneno hayo yanakaa kwenye kitabu chochote.

Shika tukio moja. Hilo ulilolitaja, la maiti iliyoshindiliwa kwenye gunia la korosho, ndilo lenyewe: karani wa ghala analipima, linazidi kilo 80, naye kinachomkera ni unyevu tu. Kichekesho hakitoki kwenye maiti, kinatoka kwa mtu anayeng'ang'ania utaratibu huku kifo kiko mbele yake. Liseme hilo kwa sentensi moja. Kisha onyesha mwandishi anamkejeli nani: mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa magendo, au mkulima aliyemuuzia kwa bei ya kutupa kabla ya msimu kwa sababu ya njaa? Akimcheka mkulima, mimi ningepunguza sifa.

Maneno 50 hadi 60 yanatosha jaladani. Usimguse muuaji, wala usichukue tukio linalokuja baada ya theluthi ya kwanza ya kitabu. Utani wenyewe usiunukuu mzima. Ukiung'oa kwenye mtiririko wake unapoa, na msomaji akiufikia ndani hacheki tena. Ile "mji wenyewe ni mhusika" iache, imechosha. Taja Shangani, mtaa wa hapo Mtwara, usiku na bodaboda isiyo na taa, ilimradi vimo kitabuni.