Dawa ya kusafishia filamu nyeusi na nyeupe: anza na ile utakayoweza kuichanganya tena

Kila anayeanza kusafisha filamu nyumbani, yaani kuitia dawa ili picha zitokee, huuliza dawa ipi ni bora. Ukiniuliza mimi nitakurudishia swali: ni ipi utakayoipata tena baada ya miezi mitatu, ikiwa ile ile? Dawa nzuri mbili hazitofautiani kiasi cha kumsumbua mwanafunzi. Kinachomsumbua ni kubadilisha dawa kila filamu, leo aliyoletewa na mtu kutoka Ulaya, kesho masalia ya rafiki, hadi hajui kama picha zimefifia kwa sababu ya kamera, joto au dawa yenyewe. Huku Afrika Mashariki pakiti za Kodak na Ilford huonekana na kupotea, na chupa za dawa ya maji zina usumbufu wake kwenye ndege. Unga husafiri vizuri zaidi. Kwa hiyo jifunze kuchanganya mwenyewe, na uanze na D-23.

D-23 ina vitu viwili tu: metoli, ile kemikali inayotoa picha, gramu 7.5, na sodiamu salfaiti, inayoilinda metoli isiharibiwe na hewa, gramu 100, kisha maji mpaka itimie lita 1. Ni fomula ya Kodak ya miaka ya 1940, na iko wazi kwa yeyote. Ndugu yake mkubwa, D-76 ya mwaka 1927, ambayo Ilford huiuza kwa jina la ID-11, ina metoli gramu 2, salfaiti 100, haidrokwinoni 5 na boraksi 2. D-76 ni dawa njema kabisa, ila hivyo viungo viwili vya ziada vitakuzungusha madukani. Tena haidrokwinoni ndiyo ile ya mkorogo, iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya. Ukiingia dukani ukaiulizia bila maelezo, utatazamwa kwa jicho la shaka.

Salfaiti utaipata kwa wauzaji wa kemikali za maabara, au kwa wanaohudumia maboila ya viwandani, maana hutumika kuondoa oksijeni kwenye maji ya boila. Soma lebo kwa makini. Salfaiti, salfeti na salfaidi ni vitu vitatu tofauti: salfeti haitailinda metoli isiharibiwe na hewa, na salfaidi ni sumu yenye harufu ya yai viza. Uliza pia kama ni unga mkavu au ni ya chenga zenye maji ndani yake. Gramu 100 za unga mkavu ni sawa na gramu 200 za chenga, na muuzaji asiyejua tofauti atakuuzia yoyote iliyopo.

Metoli ndiyo ngumu kupatikana na mara nyingi utaagiza nje. Usikate tamaa kwa bei yake: gramu 100 zinatoa lita 13 za dawa, na lita moja ukiizimua nusu kwa nusu inatosha filamu 6 za milimita 35 kwenye tangi la mililita 300. Vaa glavu, kwani baadhi ya watu ngozi zao huikataa metoli, wakawashwa na kupasuka vidole, na hali hiyo ikishaanza huwa haiondoki.

Kipimo kisiwe kijiko. Nunua mizani ndogo ya kidijitali, zile za sonara, inayosoma sehemu ya gramu. Maji ya bomba ya mji wako yanaweza kuwa mazuri leo na kesho yakaja na tope au chumvi ya kisima, basi tumia maji ya kunywa ya chupa, ya aina moja kila mara. Wengine hununua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta. Sawa, ila hakikisha umepewa maji yaliyotoneshwa, kwa sababu kuna wauzaji wanaoiita asidi jina hilo hilo.

Kuchanganya kwenyewe kuna utaratibu wake. Pasha maji mililita 750 mpaka yafike nyuzi 50 hivi. Tia kwanza salfaiti kidogo, ya kubana kwa vidole viwili vyenye glavu, ili ile oksijeni iliyomo kwenye maji isiiwahi metoli. Kisha mimina metoli yote na ukoroge taratibu mpaka iishe kuyeyuka. Hapo ndipo unaongeza salfaiti iliyobaki, kidogo kidogo. Ukigeuza mpango, ukaweka salfaiti yote kwanza, metoli itagoma kuyeyuka na utabaki unakoroga vipande vyeupe hadi jioni. Malizia kwa maji baridi mpaka lita 1, acha ipoe usiku mzima, ndipo uitumie.

Ihifadhi katika chupa ndogo za mililita 250 au 500 zilizojaa mpaka shingoni, kwa sababu adui yake ni hewa inayobaki juu ya dawa. Andika jina na tarehe kwa kalamu isiyofutika. Ukitumia chupa za soda, bandua lebo ya zamani yote na uziweke mahali ambapo mtoto hafiki. Katika hili sina mjadala na mtu. Dawa ukishaizimua, itumie mara moja na uimwage.

Sasa joto, jambo ambalo maelekezo ya kwenye pakiti hayakutuwazia sisi. Karibu muda wote unaoandikwa ni wa nyuzi 20. Dar au Mombasa, maji ya bomba mchana yanaweza kukaribia 30. Usijaribu kulazimisha 20; lenga 24, maana hapo ndipo unapoweza kusimama bila kuhangaika. Weka chupa zote, ya dawa, ya fiksa (dawa ya pili, inayofanya picha isiharibiwe tena na mwanga) na ya maji ya kuoshea, ndani ya beseni moja lenye maji na chupa ya barafu, uache mpaka zote zisomeke sawa. Filamu ikitoka kwenye dawa ya nyuzi 24 ikaingia maji ya 30, utando wake unaweza kukunjamana, na hilo halina tiba. Fanya kazi alfajiri ukiweza. Kuna faida nyingine: mikono haitoki jasho ndani ya mfuko wa giza, na jasho ndilo linalofanya filamu igome kuingia kwenye rili ya plastiki, ile ya kuviringishia filamu ndani ya tangi.

Kwa muda, chukua ule wa ID-11 au D-76 uwe mahali pa kuanzia. HP5 Plus, filamu ya Ilford, ndani ya ID-11 iliyozimuliwa 1+1 (dawa sehemu moja, maji sehemu moja) ni dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 ni karibu 9. Anza hapo na D-23, kisha rekebisha kwa kuangalia negativu zako: zikiwa laini mno, yaani weusi na weupe havitofautiani vya kutosha, ongeza dakika moja, zikiwa ngumu, yaani vinatofautiana kupita kiasi, punguza. Usishuke chini ya dakika 5, maana dawa haitasambaa sawasawa.

Kama metoli haijafika na filamu inakusubiri, kuna dawa ya kahawa, Caffenol, iliyoanzia Rochester, Marekani, mwaka 1995. Kwa lita moja: soda ash kavu gramu 54, vitamini C gramu 16, kahawa ya unga ya kuyeyuka papo hapo gramu 40. Soda ash wanayo wanaouza malighafi za sabuni. Vitamini C iwe unga mtupu, siyo vile vidonge vya kutoa povu, kwani vina asidi nyingine inayomaliza nguvu ya soda. Kahawa iwe ya robusta, na hapa tumebarikiwa: Africafé ya Bukoba inafaa sana. Yeyusha soda kwanza, kisha vitamini C, mwisho kahawa, na utumie ndani ya nusu saa. Dakika 15 kwa nyuzi 20. Harufu yake itawaondoa watu wote jikoni. Mimi naiheshimu kama dawa ya dharura, na kwa filamu za ISO 100 (namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga) inatoa picha nzuri kweli. Kwa za 400 huacha ukungu.

Anayesafisha filamu moja kwa miezi miwili afikirie Rodinal, dawa ya maji iliyosajiliwa tangu 1891. Chupa iliyofunguliwa hudumu miaka, hata ikigeuka rangi ya chai ya rangi. Chembe zinazoonekana kwenye picha zake ni kubwa, wengine hawazipendi. Mapishi ya kuitengeneza kwa paracetamol na kostiki soda yapo, lakini kostiki inaunguza. Iache mpaka mkono uzoee.

Dawa yoyote utakayochagua, ipime kabla ya kuiamini. Kata kile kiulimi cha mwanzo wa filamu, ambacho kimeshaona mwanga, ukitumbukize kwenye dawa mezani taa ikiwaka. Kianze kuwa kijivu ndani ya dakika moja au mbili, na kiwe cheusi kabla muda wako wa kusafisha haujaisha. Kisipofanya hivyo, mwaga. Usitegemee rangi ya dawa: XTOL, dawa nyingine ya Kodak, kwa mfano, inajulikana kwa kufa huku ikiwa safi kama maji. Kipande kingine kitumbukize kwenye fiksa, hesabu muda kinaochukua kuwa angavu, na filamu yako ikae humo mara mbili ya muda huo.

Filamu ikitoka, kabla ya kuangalia picha angalia namba na maandishi ya pembeni. Hayo yalichapwa kiwandani, kamera yako haihusiki nayo. Yakiwa meusi wazi na picha zimefifia, dawa yako ni nzima, tafuta kosa kwenye mwanga uliopima. Yakiwa hafifu pamoja na picha, dawa imechoka, muda ulikuwa mfupi au maji yalikuwa baridi kuliko ulivyodhani. Filamu ikiwa angavu tupu bila hata namba, ama dawa ilikuwa imekufa, ama umeanza na chupa ya fiksa.