Juventus Ilipogeuka Piemonte Calcio

Wiki hii mmetuuliza: kampuni moja ikinunua haki pekee ya kutengeneza gemu za timu, ligi au filamu tunayoipenda, sisi mashabiki tushangilie au tutie shaka? Mimi natia shaka.

Sisi wa Malindi soka ya Italia tunaijua. Wataliano wamejenga hapa, wamefungua mahoteli, na vijana wengi wa ufuoni wanaongea Kiitaliano ambacho hawakufundishwa na mwalimu yeyote. Basi mwaka 2019 Konami, kampuni ya gemu ya Kijapani, ilipochukua haki pekee ya Juventus, aliyewasha FIFA 20, gemu ya kampuni pinzani ya EA, aliikuta timu ya Ronaldo inaitwa Piemonte Calcio. Nembo ya kubuni, jezi ya kubuni. Ronaldo mwenyewe yumo, sura na jina lake! Kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwetu watu walicheka kwanza, hasira zikaja baadaye. Ukitaka ligi ya Italia nzima, ununue gemu mbili. Mwenye kibanda anayetoza shilingi chache kwa mechi, pesa hizo atazitoa wapi? Juventus iliporudi kwenye FIFA 23, ikawa zamu ya Napoli kuvuliwa nembo na jezi, na msimu huohuo ndio Napoli walibeba ubingwa wa Italia. Wallahi, ungedhani wanatutania.

Zamani angalau PES, gemu ya soka ya Konami, ilituachia dawa. Timu isiyo na leseni ilipewa jina la kubuni, Manchester United ikaitwa Man Red, sawa, lakini ungeweza kubadilisha majina na jezi mwenyewe, au kuingiza kwa flashi faili lililotengenezwa na mashabiki wenzako, na jioni hiyohiyo timu zote zikawa zimevaa vizuri. eFootball, pia ya Konami, ilipochukua nafasi ya PES mwaka 2021, ilizinduliwa bila uhuru huo.

Mfano unaonikaa kichwani zaidi ni wa mchezo ambao hapa hatuuchezi, futiboli ya Wamarekani. Mwaka 2004 kampuni ya Sega ilileta gemu ya ESPN NFL 2K5 kwa dola 20, wakati gemu mpya kwa kawaida ilikuwa dola 50. Madden, gemu ya futiboli hiyo ya EA, ikalazimika kushuka hadi karibu dola 30. Mteja amefaidi pande zote mbili. Desemba mwaka huohuo EA ikatia saini na NFL, ligi kuu ya mchezo huo, mkataba wa haki pekee, na mpinzani akatoka sokoni. Samaki wote wa pwani wakichukuliwa na tajiri mmoja, bei ya siku hiyo anapanga yeye. Wanunuzi walienda mahakamani, na mwaka 2012 EA ikakubali kulipa dola milioni 27 kuimaliza kesi. Mkataba wenyewe uliendelea.

Filamu za Star Wars sitazizungumzia sana. EA ilipewa haki pekee ya gemu zake kubwa mwaka 2013. Mwaka 2017 gemu yao ya Battlefront II ikatufungia Darth Vader, yule mhusika maarufu, mpaka ucheze masaa kwa masaa, huku visanduku vya bahati nasibu vikiuzwa kwa pesa halisi, mpaka kelele za wachezaji zikawafanya wasitishe uuzaji kabla gemu haijatoka rasmi. Jedi: Fallen Order ya 2019 ilikuwa nzuri, hilo siwanyimi. Ila miaka sita ni mingi kuisubiri, na studio nyingine nyingi zilikuwa zimefungiwa nje wakati wote huo.

Najua kuna atakayenijibu kwa mpira wa kikapu. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, haikumpa mtu haki pekee, na bado gemu ya NBA 2K imebaki peke yake, tena inakukamua pesa kila ukigeuka. Kweli kabisa. Lakini NBA Live, mpinzani wake wa EA, ilikataliwa na wachezaji wenyewe: watu waliishika, wakailinganisha, wakaiacha, na ya mwisho ya konsoli ikatoka mwaka 2018. NFL 2K5 haikuachwa na wachezaji. Ilikuwa inauza.