Anza na Uzi na Nati: Kwa Anayeanza Majaribio ya Fizikia Nyumbani

Wengi wanaoanza majaribio ya fizikia nyumbani hukimbilia yale yanayofoka povu au kulipuka. Yanafurahisha, sikatai. Ila ukishapangusa meza unabaki na nini? Anza na jaribio linalokupa namba, na kabla hujaligusa andika daftarini namba unayoitarajia. Kukisia baada ya kuona hakuhesabiki.

La kwanza ninalolipendekeza ni pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea kwenye uzi. Tafuta uzi usiovutika pamoja na nati nzito ya chuma. Funga uzi mahali pasipotikisika. Ukiushika kwa mkono, mkono nao utacheza na kuvuruga vipimo. Urefu uwe mita 1, kuanzia pale uzi unapobembea hadi katikati ya nati, si hadi kwenye fundo. Vuta nati kando kidogo, sentimita 10 hivi, kisha iachie bila kuisukuma.

Muda wa kwenda na kurudi ni kama sekunde 2. Lakini usipime mbembeo mmoja. Kidole kikichelewa kubonyeza saa kwa sekunde 0.2 tu, tayari umekosea kwa asilimia 10. Pima mibembeo 20 mfululizo, halafu gawanya kwa 20: kosa la kidole ni lile lile, ila sasa limemezwa na sekunde 40, yaani nusu ya asilimia moja. Bonyeza saa nati inapopita katikati, maana huko inakwenda kasi na hakuna ubishi imepita lini. Kule mwisho inazubaa. Na unapobonyeza, sema "sifuri". Anayeanza na "moja" huishia kupima mibembeo 19 akidhani ni 20, kisha akalaumu uzi.

Sasa chukua urefu kwa mita, zidisha kwa 39.5, na ugawanye kwa muda wa mbembeo mmoja uliozidishwa kwa wenyewe. Utapata namba iliyo jirani na 9.8, ambayo ni mchapuko wa graviti, yaani jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka, kwa mita kwa sekunde kwa sekunde. Kwa vifaa vya namna hii, mimi naridhika kabisa na 9.6 au 10.

Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ongeza nati ya pili ubavuni mwa ile ya kwanza, isining'inie chini yake, maana ukifanya hivyo umebadilisha na urefu pia. Wengi hukisia kwamba mzigo mzito utabembea haraka zaidi. Haubembei haraka zaidi. Fupisha uzi hadi sentimita 25: urefu umekuwa robo, lakini muda umekuwa nusu, sekunde 1. Mwisho vuta nati mbali sana, uone muda unavyorefuka kidogo. Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliamini haubadiliki hata hapo. Christiaan Huygens, aliyebuni saa ya pendulamu mwaka 1656, alijua kwamba hubadilika, na lilimsumbua.

Ukitaka kujua kidole chako ni kizito kiasi gani, mwenzako ashike rula wima, alama ya sifuri ikiwa kati ya vidole vyako, aiachie bila kukuonya. Ukiidaka kwenye sentimita 20, umetumia takriban sekunde 0.2. Kwenye pendulamu utafanya vizuri zaidi ya hapo kwa kuwa unaiona nati ikija.

Jihadhari pia na maelezo yanayozunguka kila mahali. Jaribio la mshumaa uliosimama kwenye sahani ya maji na kufunikwa glasi ni mfano mzuri. Moto unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi, na utaambiwa yamejaza nafasi ya oksijeni iliyoungua. Angalia yanapanda lini. Kama maelezo hayo ni kweli, yangepanda polepole muda wote mshumaa unapowaka, lakini sehemu kubwa hupanda baada ya moto kufa, hewa iliyokuwa imetanuka kwa joto inapopoa na kusinyaa. Weka mishumaa miwili au mitatu: glasi na oksijeni ni zile zile, ila maji hupanda zaidi.

Vivyo hivyo chupa ya maji yenye matundu matatu ubavuni, moja juu ya jingine. Michoro mingi huonyesha tundu la chini likirusha maji mbali kuliko yote. Simamisha chupa kwenye sinia pana, endelea kuijaza ili maji yasishuke, kisha tazama yanapoangukia. Tundu lililo katikati ya kimo cha maji ndilo linaloshinda. Maji ya chini hutoka kwa kasi kubwa zaidi, kweli, lakini yanafika kwenye sinia kabla hayajapata muda wa kwenda mbali.

Kuhusu usalama nina machache: umeme wa ukutani usiuguse, betri ndogo zinatosha, na usiziunganishe ncha zake kwa waya mtupu kwani waya huwa wa moto sana mkononi. Usipashe joto chombo kilichofungwa. Usilitazame jua kwa lenzi yoyote.

Na daftari liwe la kalamu ya wino. Kipimo kisichofanana na vingine usikifute. Kipige mstari mmoja ili bado kisomeke, na uandike pembeni unachodhani kilitokea.