Ile riwaya ya mimea inayotembea, jina lake hili hapa

SWALI (dada wa Ngamiani, Tanga): Nikiwa kidato cha pili nilisoma riwaya ya Kiingereza, kava lilishatoka. Watu wanapofuka usiku mmoja, alafu kuna mimea inatembea inaua watu, mwisho maji ya bahari yanaiyeyusha. Kila nikitafuta naletewa Blindness, nimeisoma, siyo. Naomba msaada.

JIBU: Dada yangu pole kwa kuhangaika. Unayoitafuta ni The Day of the Triffids ya John Wyndham, Mwingereza, ya mwaka 1951, triffids ndo jina la hiyo mimea. Kazi yangu ya maktaba imenizoesha kuanza na kile kitu ambacho vitabu vingine hawana, na hapa ni mimea, maana upofu umejaa kwenye riwaya nyingi. Hiyo Blindness ya José Saramago ni ya 1995, mule upofu unaambukizana na mtu anaona weupe mtupu, mimea hamna kabisa.

Kwa Wyndham watu walitoka usiku kuangalia vimondo vya kijani, kulivyokucha hawaoni, akabaki anaona Bill Masen, mhusika mkuu, kwasababu alikuwa amelazwa hospitali London na bandeji machoni, na kilichomlaza ni sumu ya mmea huohuo. Kitu kilichonikaa mimi mtu wa Tanga niliyekua naona mkonge kila upande, ni kwamba ile mimea watu wenyewe ndo waliipanda mashambani wakaifunga isitembee, wanataka mafuta yake, yani siku macho yalipozima iko kila mahali tayari.

Sa kilichokupoteza ni maji ya bahari. Kwenye kitabu hayapo! Hayo yako kwenye sinema ya 1962, kitabu chenyewe kinaisha watu wanakimbilia kisiwa cha Wight, hukohuko Uingereza, na dawa ya kuiua bado haijapatikana, kwaiyo nadhani uliiona na sinema mahali, labda kwenye video, vikachanganyika, na ukiandika maji ya bahari unapotafuta riwaya unajifungia njia mwenyewe.

Ukikutana na Revolt of the Triffids usikiache, ni hichohicho, Marekani kiliwahi kutoka kwa jina hilo. Ukikipata fungua sura ya kwanza, ukimkuta mtu kitandani hospitali anashangaa mbona nje kimya, alafu sura ya pili inarudi nyuma kusimulia mimea ilivyoanza, basi ndo chenyewe, nunua.